Tunaambiwa au Tunaulizwa?

Mzee alifika dukani kwangu mapema, sijamaliza hata kufuta vumbi kwenye mashine ya fotokopi. Nina steshenari hapa Tabora mjini, si mbali na stesheni ya reli. Wateja wangu wengi wa asubuhi ni watu walioshuka kwenye basi kutoka Sikonge, Urambo au Uyui, na karatasi imekunjwa mara nne kwenye mfuko wa shati. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaongeza "mwangaluka", kama wazee wetu wafanyavyo wakitaka kujua umetoka kwa nani. Nikaitikia, uso wake ukafunguka.

Alitaka nakala tano za kurasa nne zilizobanwa pini kwenye kona. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, paliandikwa neno WARAKA, halafu maneno marefu kuhusu matumizi ya misitu na maeneo ya kutundika mizinga. Yeye ni mfuga nyuki, na baba yake alikuwa mfuga nyuki. Mashine ilipokuwa inapata moto aliegemea kaunta akaniuliza: "Mwanangu, wewe makaratasi haya unayaona kila siku. Hebu niambie, hapa tunaambiwa au tunaulizwa?"

Nikasoma yote nikiwa nimesimama. Kurasa tatu na nusu zilikuwa na sauti moja: serikali inakusudia, serikali itaweka, wananchi watatakiwa. Kwenye ukurasa wa nne, aya ya mwisho, kulikuwa na sentensi moja iliyowataka wananchi wapeleke maoni yao kwa mtendaji wa kijiji kabla ya tarehe fulani. Muhuri wa wino wa zambarau ulikuwa umegongwa juu ya hiyo tarehe, nikalazimika kuinua karatasi mlangoni kwenye mwanga ndipo nikaisoma. Ilikuwa imepita siku kumi na moja.

"Mlikuwa mnaulizwa, baba," nikamwambia. "Muda umeisha."

Hakukasirika. Alinieleza kwamba mtendaji alisoma kichwa cha habari mkutanoni, watu wakasikia "waraka", wakainama, wakaanza kuhesabu nani atahamisha mizinga mingapi. Hakuna aliyenyoosha mkono. "Waraka ukishafika, mwanangu, umefika."

Ofisi iliyoandika karatasi ile siitaji, maana shida yenyewe naiona katika ofisi nyingi. Nimebaki na swali la yule mzee kwa muda mrefu, na kadiri ninavyolifikiria ndivyo ninavyoona linagusa neno ambalo sisi Waswahili hatujalipatia nyumba yake: lile ambalo wakubwa hulisema kwa Kiingereza, na magazeti huliandika kwa Kiingereza pia, kana kwamba halina mwenyewe. Waiti pepa. Karatasi nyeupe. Ni andiko ambalo serikali hulitoa kueleza jambo inalokusudia kulifanya.

Nianze na karatasi yenyewe, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu. Mtu akiniletea ripoti ya kurasa mia moja, namuuliza: unataka baindingi? Ripoti nene lazima iwe na jalada gumu, la sivyo kona zinajikunja na kurasa za mwanzo zinachanika. Akileta kurasa sita, nabana pini tu, na ukurasa wa kwanza ndio unakuwa jalada. Karatasi ni ile ile ya rimu moja, nje na ndani. Huko Uingereza jina lilianzia hapo hapo. Ripoti ndefu zilizowasilishwa bungeni zilivalishwa jalada la bluu, zikaitwa vitabu vya bluu. Andiko fupi la serikali halikupewa jalada. Lilitoka na karatasi yake nyeupe, na watu wakaliita kwa walichokiona. Mwaka 1967 ikatolewa ya kwanza yenye jalada la kijani, na hapo rangi zikapata kazi: ya kijani ni ya kuuliza, serikali bado inatafakari, nyeupe ni ya kusema, serikali imeshaamua inataka nini na muswada uko njiani.

Kwa hiyo Mwingereza akiona rangi anajua amefika kwenye mazungumzo saa ngapi. Sisi tukitafsiri rangi hiyo neno kwa neno, tunapata nini? Mwambie mkulima wa tumbaku wa Urambo kwamba serikali imetoa karatasi nyeupe. Kwake karatasi nyeupe ni karatasi isiyo na maandishi. Ni ile unayoambiwa utie sahihi chini, mengine yatajazwa baadaye. Nimeona hapa dukani watu wakirudisha fomu kwa sababu kuna nafasi tupu juu ya mstari wa sahihi, na nawaunga mkono. Nimeona pia orodha ya mahudhurio ya mkutano, majina na sahihi tu, ikaletwa wiki mbili baadaye kutolewa nakala ikiwa na kichwa kipya juu yake kinachosema waliotajwa wamekubali. Mwenye kuileta hakuwa hata na aibu. Tangu siku hiyo, mtu akija kupiga chapa fomu ya mahudhurio, naandika juu, kwa herufi nzito, MAHUDHURIO TU. Sasa mtu wa mazingira hayo, umpe sera ya nchi yake kwa jina la karatasi nyeupe, ataelewa kitu kinyume kabisa na kilichokusudiwa.

Basi watafsiri wetu wakakimbilia "waraka". Neno zuri, la zamani, lililotoka katika Kiarabu, ambako ni jani, na pia ni karatasi. Lakini kwetu waraka umeshapata tabia yake. Kanisani tunausikia kwenye Waraka wa Paulo Mtume kwa Warumi, na maaskofu wakitaka kusema na waumini wote kwa pamoja hutoa waraka wa kichungaji, unasomwa altareni watu wakiwa kimya. Serikalini, waraka ni maelekezo kutoka juu kwenda chini. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ndio ulioondoa ada na michango katika shule za sekondari za umma kuanzia Januari 2016. Nakumbuka wakuu wa shule walivyopanga foleni hapa dukani kutoa nakala zake. Hakuna aliyekuja kuniuliza kama anaweza kuujibu. Waraka wa namna hiyo haujibiwi, unatekelezwa.

Uko pia waraka wa Baraza la Mawaziri, ambao waziri huupeleka kwa wenzake kuomba jambo lipitishwe kabla halijawa muswada. Huo sisi wa huku chini hatuuoni. Mtu wa kawaida, neno waraka likitoka kinywani mwa mtendaji, analijua kwa maana moja.

Halafu likatokea jambo la mwaka 1998, na hapa naomba msomaji atulie nami kidogo.

Mwaka huo serikali ya Rais Benjamin Mkapa ilitoa Waraka wa Serikali Namba 1 kuhusu mabadiliko ya Katiba. Magazeti yaliuita waiti pepa. Ulitaja mambo yaliyokuwa yakilalamikiwa, kila jambo na maelezo yake, na kwa kila jambo serikali ikaweka msimamo wake na sababu zake. Kisha wananchi wakaombwa watoe maoni. Kamati chini ya Jaji Robert Kisanga ikazunguka nchi kukusanya maoni hayo. Nilikuwa bado shuleni, na baba yangu alikwenda kwenye mkutano mmoja akiwa na koti lake la Krismasi. Aliporudi, mama akamuuliza umesema nini. Akajibu: "Nimesema nilichosema, ila wao walishasema kwanza."

Nilidhani amechoka tu. Nilipokua na kusoma habari za Uingereza ndipo nilipoelewa alichokiona bila kujua habari yoyote ya rangi. Karatasi ile ilikuwa nyeupe na ikapewa kazi ya kijani. Msimamo ulikuwa mle ndani tayari, na swali likawekwa juu ya msimamo. Hilo lililalamikiwa tangu siku za mwanzo, na naona waliolalamika walikuwa na haki. Mtu mzima akikuuliza "unaonaje, mimi naona hivi", na yeye ndiye mkubwa, ngapi kati ya nafsi zetu zitasema naona vingine? Sisi tumelelewa kumstahi mkubwa. Heshima hiyo naipenda, sitaki ife, ndiyo maana nasema mwenye kuuliza lazima alijue hili kabla hajauliza.

Ripoti ya kamati ilitoka mwaka 1999, na ndani yake mlikuwa na pendekezo la Muungano wa serikali tatu, jambo ambalo waraka wenyewe haukuliunga mkono. Rais alilikataa hadharani, akisema kamati imevuka mipaka ya kazi yake. Mwaka 2000 yakaja Mabadiliko ya 13 ya Katiba, na tangu hapo mgombea urais anashinda kwa kura nyingi kuliko wenzake hata kama hazijafika nusu. Unaweza kuwa upande wowote katika mambo hayo. Mimi hapa nashughulika na karatasi: jina lake liliwaambia watu waje kufanya nini?

Na ukivuka mipaka, kitu hicho hicho kina kazi nyingine. Uganda, tume ya elimu iliyoongozwa na Profesa Senteza Kajubi ilimaliza kazi mwaka 1989, na mwaka 1992 serikali ikatoa waiti pepa kueleza inakubali yapi katika ya tume na yapi inayabadilisha. Pale karatasi nyeupe ni jibu. Kenya wana utaratibu wa kuziita kwa kikao cha Bunge na namba, na ile Namba 10 ya mwaka 1965 juu ya ujamaa wa Kiafrika bado inatajwa mpaka leo. Kwa hiyo tuna karatasi inayoambia, karatasi inayouliza, na karatasi inayojibu, zote tunaziita waraka.

Kabla ya uhuru hatukuwa na shida hii, kwa sababu hatukuwa tunaandikiwa sisi. Maandiko ya London kuhusu Afrika Mashariki yaliandikwa kwa ajili ya Bunge la London. Mwaka 1923 lilitoka moja kuhusu Kenya, lililosema maslahi ya Waafrika yatangulie pale yanapogongana na ya wahamiaji. Mwaka 1945 likatoka jingine, likijulikana kwa namba 191, juu ya kuunganisha huduma za Kenya, Uganda na Tanganyika, ambapo Wazungu, Wahindi na Waafrika wangekuwa na wawakilishi sawa kwa sawa katika baraza la pamoja. Walowezi wakapiga kelele. Mwaka 1947 likaja namba 210, limepunguzwa makali kwa kuwaridhisha. Mzee wa Unyamwezi aliyekuwa akilipa kodi wakati huo hakuambiwa habari ya 191 wala ya 210. Lakini walowezi wachache walizisoma, wakajua zinajibika, wakajibu, na zikabadilika. Hicho ndicho kinachoniuma ninapokumbuka ule muhuri wa zambarau. Anayejua kwamba karatasi inajibika ndiye anayeibadilisha.

Siku hizi neno limeingia hata kwenye simu za vijana. Mpwa wangu alikuja na shauri la kununua sarafu fulani ya mtandaoni, akaniambia "shangazi, hawa wako sawa, wana waiti pepa". Nikamwomba nilione. Kurasa ishirini na michoro, hakuna jina la mtu, hakuna anwani. Desturi hiyo ilipata nguvu baada ya mtu au watu waliojiita Satoshi Nakamoto kutoa andiko la kurasa 9 kuhusu Bitcoin mwaka 2008, na lile lilikuwa andiko la kitaalamu linaloeleza mtambo unavyofanya kazi, mstari kwa mstari. Waliofuata wengi walichukua jina wakaacha kazi. Kampuni nazo huita hivyo vijarida vya kunadi bidhaa. Jina limebeba heshima ya serikali, nao wanaikopa hiyo heshima. Nilimwambia mpwa wangu asitoe hela, na hilo halihitaji maneno zaidi.

Narudi kwenye Kiswahili, maana nina jambo la kudai.

Hebu tuangalie sisi wenyewe tulivyoyaita maandiko makubwa ya nchi hii tulipokuwa tunayaita kwa akili yetu. Mwaka 1967, Azimio la Arusha. Mwaka 1971, Mwongozo wa TANU. Kuna Dira ya Taifa, kuna Sera, kuna Mpango. Kila jina linasema karatasi inafanya nini. Azimio: tumeazimia, hapa tumefika, hakuna kurudi. Mwongozo: ufuate. Dira: inakuonyesha upande, njia utaitafuta mwenyewe. Rasimu: bado, unaweza kuifuta na kuandika upya. Na mwaka 2014 Bunge Maalum lilipomaliza kazi yake, andiko lililopitishwa likaitwa Katiba Inayopendekezwa. Sikiliza hiyo "inayopendekezwa". Kitenzi kimoja kimekueleza kwamba mbele kuna kura ya mwananchi, na mpaka ipigwe, hii bado ni pendekezo. Mabishano juu ya yaliyomo hayajaisha, lakini jina lile halikumdanganya mtu.

Hiyo ndiyo njia ya lugha yetu. Mwingereza aliita kwa rangi ya jalada kwa sababu ndiyo iliyokuwa mezani kwake. Sisi huita kwa kazi. Kwa nini basi katika jambo hili moja tuache njia yetu, tubebe ama rangi isiyo na maana kwetu, ama neno waraka peke yake ambalo linasikika kama amri?

Ningekuwa na sauti mahali maneno yanapoamuliwa, ningeomba matatu tu. Ile ya kuuliza iitwe waraka wa kuomba maoni. Ile ya kusema serikali imefikia wapi kabla ya muswada iitwe waraka wa mapendekezo ya serikali. Ile ya kujibu tume iitwe majibu ya serikali, basi, neno "majibu" linatosha. Mtu akiniambia majina hayo ni marefu, namwonyesha vichwa vya habari ninavyochapa kila siku. Urefu haujawahi kuwa tatizo letu. Na tarehe ya mwisho ya maoni iandikwe ukurasa wa kwanza, chini ya kichwa, mahali muhuri haufiki.

Wafuga nyuki wa huku wanajua safari ya karatasi kuliko wengi wanavyodhani. Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki ilitoka mwaka 1998, sambamba na ile ya Misitu. Sheria zake mbili zilitungwa mwaka 2002, Namba 14 ya Misitu na Namba 15 ya Ufugaji Nyuki. Miaka minne kati ya sera na sheria. Kwenye ardhi ilikuwa ndefu zaidi: tume ya Profesa Issa Shivji iliteuliwa mwaka 1991, sera ikatoka 1995, sheria mbili zikapitishwa 1999 na kuanza kutumika 2001. Miaka kumi ya karatasi. Katika miaka yote hiyo kuna vituo ambapo mtu wa kijijini anaweza kupanda na kusema neno, na kuna vituo ambapo behewa limefungwa. Anachohitaji ni kujua treni iko kituo gani. Jina la karatasi ndilo kibao cha stesheni.

Yule mzee alirudi mwaka uliofuata, baada ya mvua. Safari hii alikuja na wenzake wawili, na karatasi nyingine, kurasa tano, kichwa chake bado kikianza na lile neno. Hakuniuliza swali lake la mwanzo. Alikuwa ameshafungua mwenyewe ukurasa wa mwisho na kuchora mstari wa kalamu ya bluu chini ya tarehe. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

"Tuandikie," akasema.

Wakasema, nikaandika. Walibishana kwa Kinyamwezi juu ya mto upi uwe mpaka, na kama wanawake wanaochuma uyoga kwenye msitu ule ule watajwe au wasitajwe. Yule mdogo wao alisema watajwe, akashinda. Walinirekebisha nilipoandika "tunaomba" mahali walipotaka "tunapendekeza". Ilichukua saa mbili na nusu, na wateja wengine walisubiri nje chini ya mwembe. Zilitoka kurasa tatu. Juu yake niliandika walivyoniagiza: MAONI YA WAFUGA NYUKI KUHUSU MAPENDEKEZO YA SERIKALI, na jina la kijiji chao, na tarehe.

Niliwauliza kama wanataka niweke jalada la manila, bei yake ni ndogo.

Mzee alizipima zile kurasa mkononi. "Acha, mwanangu. Hela ya jalada tuongezee nakala."